Ghala la Mbegu za Mfalme

Kabla sijaanza naomba mnicheke sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati nikasikia mtu anakohoakohoa pale nyuma nitanyamaza, na mkasa wenyewe hamtaupata. Aibu hii ni yangu, nimeibeba mwenyewe (tena nimeibeba kichwani, mtaona), na Kigwa nzima wanaijua, hata watoto wa darasa la pili wakiniona nashuka kwenye pikipiki wanaulizana kwa sauti kama mfalme ameshafika. Mimi ni mwalimu wa historia, nimeshika chaki miaka kumi na tisa, kwangu ni Chemchem hapa hapa Tabora mjini, na mpaka juzijuzi nilikuwa mtu wa kusikilizwa.

Mambo yalianza na choo. Mama mdogo Kristina, mdogo wake marehemu mama yangu, ni mjane, anakaa kijijini Kigwa, na amebakiwa na binti mmoja nyumbani, Leti. Leti akapata mchumba, kijana mtulivu wa Kitete, na likizo ile ya mwezi wa sita ukoo wa kijana ukasema unakuja Jumamosi kujitambulisha rasmi. Sasa shangazi yake kijana alikuwa ameshafika pale mara moja, kimyakimya, kuangalia angalia (mashangazi mnawajua), akaomba choo, akaonyeshwa kile cha mama mdogo cha ukuta wa nyasi kilichoinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni, akachungulia, akarudi akakaa, akasema asante, nitavumilia mpaka mjini. Na akavumilia kweli, saa nne nzima, hata maji akakataa. Maneno hayo yakamfikia Leti kwa njia ya rafiki wa rafiki, kwamba kule Kitete wanaulizana mwari gani huyo anatoka nyumba isiyo na choo, na Leti akalia siku mbili. Mama mdogo hakulia, alichukua jembe akakibomoa kile choo na kukifukia yeye mwenyewe, halafu akanipigia simu.

"Maganga," akasema, "wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii sasa. Nakupa kazi moja tu. Jumamosi wakwe wakute choo."

Kazi moja tu. Nikasema hilo limekwisha, mama, wewe fikiria pilau.

Mchimbaji alikuwa ameshapatikana, mzee mmoja wa pale Kigwa anaitwa Chedego, Mgogo, aliyekuja na kazi za reli zamani akaoa akabaki, na ambaye visima na vyoo vya nusu ya kijiji kavichimba yeye. Mimi nilitakiwa kusimama tu pembeni na kuhakikisha. Sasa hapa lazima niwaeleze, maana ndipo nilipopotelea. Wanyamwezi na Wagogo ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu wakipita kwao na mizigo ya watu kwenda pwani na kurudi, na mtani hana mpaka, anaweza kukutukana mbele ya mkeo, anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza akisema marehemu ana deni lake la mbuzi, na wewe huruhusiwi kukasirika, unachoruhusiwa ni kumjibu kwa kubwa zaidi. Chedego na mimi tumetaniana miaka na miaka. Yeye ananiita mpagazi wangu. Mimi namwambia ninyi mlituuzia maji ya tope. Yeye anasema hata hayo ya tope mliyaomba kwa kupiga magoti. Ndivyo tunavyosalimiana, shikamoo inakuja baadaye.

Jumatano asubuhi akaanza kuchimba. Mpaka saa tano alikuwa ameshazama kifuani, mimi nimekaa kwenye kigoda na gazeti, nikasikia sururu imelia juu ya jiwe, halafu tena, halafu Chedego akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikachungulia. Jamani, mimi nilichokiona kiliniondoa kwenye kigoda. Mawe, yamepangwa mviringo, moja limekaa juu ya jingine bila udongo wala saruji, yamebanana vizuri kiasi kwamba nilitoa wembe wa kuchongea penseli, nikalala ukingoni nikajaribu kuupitisha katikati ukakataa. Na ndani ya ule mviringo kulikuwa na udongo wa aina nyingine kabisa, mweusi, mwepesi, laini, unamwagika vidoleni kama unga.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, maneno matatu tu ya kipumbavu. Nikasema, "Simama kwanza, mtani."

Chedego akaniangalia kutoka mle shimoni. Akachukua konzi ya ule udongo, akausugua, akaunusa, akatema mate pembeni. Akasema, "Mwalimu, hiki ni choo."

Nikacheka sana. Nikamwambia ni kweli, mtani, kwenu Ugogo mkiona jengo la mawe mnajua ni choo kwa sababu hamjawahi kuona ikulu. Na yeye akacheka, tukacheka wote, na mimi nikavua viatu nikateremka ndani.

Mle ndani nilikaa mpaka adhuhuri nikikwangua kwa mwiko wa mama mdogo. Kila nilichokitoa kilinichanganya zaidi na kila nilipochanganyikiwa nilizidi kuwa na hakika (sijui mnanielewa, ni hali fulani hivi, kama homa). Kulikuwa na tabaka la majivu, halafu tabaka la unga mweupe wa chokaa, halafu majivu tena, halafu chokaa tena, kwa mpango kabisa, si kwa bahati. Kulikuwa na bomba la udongo wa kuchoma, refu kama mkono wangu, limesimama kando ya ukuta. Kulikuwa na kipande cha jiwe bapa, kizito, kimevunjika nusu, na pale kilipovunjika unaona duara, yaani kilikuwa na tundu katikati, tundu limesuguliwa ukingo likawa laini. Na mbegu. Mbegu nyingi mno, ndogondogo, ngumu, zimetapakaa udongoni kote, nikazikusanya kiganjani nikazitambua, ni mapera, na nyingine nyanya, na nyingine tikiti.

Mimi nikasimama mle ndani nikaona kila kitu. Lile jiwe lenye tundu ni madhabahu. Majivu ni moto mtakatifu. Chokaa ni ya kuhifadhia mbegu zisioze. Bomba ni la kupitisha hewa. Hili lilikuwa ghala la mbegu la mfalme, mbegu za akiba kwa miaka ya njaa, na watu waliojenga ghala lenye bomba la hewa chini ya ardhi si watu wa mchezo, ni dola, ni mji mzima umelala hapa chini ya kuku wa mama mdogo, na hakuna kitabu hata kimoja nilichofundishia kinachoutaja.

Nikamweleza Chedego. Akanisikiliza mpaka mwisho, ameegemea sururu. Akasema, "Mwalimu, mbegu za mapera zinafika shimoni kwa njia moja tu."

Nikasema mtani leo umeamka vizuri. Nikamwambia apande juu, asiguse tena chochote, na nikatafuta kamba ya katani nikaizungusha uwanja wote wa nyuma, kutoka jikoni mpaka kwenye uzio, nikaning'iniza vipande vya khanga nyekundu. Mama mdogo akatoka jikoni na unga mikononi akauliza choo kinachimbwa upande gani sasa. Nikamwambia mama, subiri, hii ni siku moja tu, mtaalamu akija akaona, tutachimba pengine. Akauliza Jumamosi ni lini. Nikasema mama, mfalme amesubiri miaka mia ngapi sijui, wakwe hawawezi kusubiri? Alirudi jikoni, na mimi (Mungu anisamehe) nikadhani amekubali.

Mtaalamu mwenyewe nilimjua, Zuhura, mwanafunzi wangu wa zamani, msichana mmoja makini sana ambaye mimi ndiye niliyempendesha historia mpaka akaenda kusomea mambo ya kale chuo kikuu, na bahati yangu mbaya alikuwa Tabora wiki ile kumsalimia mama yake. Nikampigia. Akasema Mwalimu shikamoo, nitafika Jumamosi asubuhi. Nikasema marahaba mwanangu, Jumamosi ndiyo siku yenyewe, kutakuwa na watu.

Sasa mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi Alhamisi mchana nikapanda pikipiki nikarudi Chemchem, kwenye kijiwe chetu cha kahawa, na lile bomba la udongo nimelifunga kwenye taulo. Pale kijiweni kuna fundi cherehani mmoja, Sharifu, rafiki yangu wa tangu utoto na mpinzani wangu wa tangu utoto. Nikaliweka bomba mezani katikati ya vikombe. Watu wakalishikashika. Nikawaeleza ghala, madhabahu, moto, mji. Mwenye kahawa akasema huenda ni kweli, kwa nini wengine wawe na miji sisi tusiwe nayo. Mwingine akasema labda ni majini. Sharifu alilizungusha lile bomba, akalirudisha mezani, akasema kwa upole wake ule ule wa kukera kwamba kazi ni nzuri, ndiyo, na kwa sababu ni nzuri basi ni ya watu wa pwani waliokuja na misafara.

"Tusidanganyane, Maganga," akasema. "Jiwe juu ya jiwe huku lililetwa. Ninyi mlijua kubeba."

Alisema kama mzaha, na Sharifu si mtani wangu, kwa hiyo niliruhusiwa kukasirika, na nikakasirika vibaya sana. Mnajua, babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Ndicho kitu pekee ukoo wetu unachokijua kumhusu, kwamba alibeba pembe mpaka pwani na akarudi. Jina lake lenyewe tumelipoteza, mzigo tumeukumbuka. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nasema Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, na kila mwaka kuna mtoto mmoja nyuma anauliza, walikuwa wanabeba vya nani? Inaniuma, nasema kweli. Nikataka mara moja tu tuwe tumejenga. Nikamwambia Sharifu njoo Kigwa Jumamosi usikie kwa masikio yako, na kijiwe kizima mje. Na Ijumaa nikashinda pale pale tena tukibishana, hawa wanasema ni kasri, hawa wanasema ni kaburi, mmoja anasema hayo mawe yalilainishwa kwa dawa, na bomba linazunguka mkono kwa mkono na mmoja (sitamtaja) alipuliza ndani yake kwa mdomo kuona kama linatoa mlio.

Ijumaa jioni ndiyo nikarudi Kigwa. Chedego nikamkuta kakaa nje kwa mama mdogo, ametapakaa udongo, anakunywa uji. Aliponiona akasimama. Akavua kofia yake, kofia ambayo sijawahi kumwona bila hiyo, akaishika kifuani.

"Mwalimu," akasema, "leo sitanii. Mimi nimechimba vyoo maisha yangu yote. Kile ni choo cha watu. Waambie wasije."

Na mimi, mwalimu wa watoto wa watu, nikamwangalia mzee wa watu na upara wake na kofia kifuani, nikaona huo ndio utani mkubwa kuliko wote aliowahi kuufanya, nikaanguka kucheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hapo umeniweza, mtani, hiyo ya kofia sitaisahau. Akavaa kofia yake, akamalizia uji. Wala sikujiuliza ule udongo mwilini mwake umetoka wapi wakati nilikuwa nimepiga marufuku jembe uwanja mzima.

Kisha, kwa sababu nilitaka kumpa Zuhura vielelezo vikiwa safi, nikatafuta chombo chenye mfuniko unaobana. Kilichokuwepo ni hotpoti za mama mdogo, zile za bluu zenye maua, alizoazima nyingine kwa jirani zikawa sita zinazofanana. Nikachukua moja, nikaijaza ule udongo mweusi na mbegu zake, nikaifunga vizuri, nikaiweka kabatini. Msiniulize kwa nini kabatini. Nilitaka iwe salama.

Jumamosi wakwe wakafika saa nne, gari mbili, wamependeza. Baba mkubwa wa kijana, mtu mnene wa maneno mengi. Shangazi yule yule, kiti chake akakifuta kwanza kwa leso. Baada yao Zuhura akashuka kwenye pikipiki, na nyuma yake Sharifu na vijana wa kijiwe. Mama mdogo alikuwa amenishika mkono pembeni, ameniambia Maganga, chakula kwanza, salamu kwanza, mambo ya shimo baadaye, tafadhali mwanangu. Lakini baba mkubwa akaona ile kamba yenye khanga nyekundu akauliza kuna nini huko nyuma, kuna msiba? Nami nikasema hapana mzee wangu, kuna historia. Nikawapeleka. Ukoo mzima wa wakwe, na suti zao, nikawapanga kuzunguka shimo la choo nikawahutubia karibu nusu saa juu ya dola ya Wanyamwezi. Nilisema madhabahu. Nilisema moto mtakatifu. Baba mkubwa alivua kofia kwa heshima. Niliona Sharifu amenuna na nikafurahi, nikaongeza sauti.

Zuhura wakati huo ameteremka shimoni na tochi na brashi yake. Alipanga kukaa kidogo, akakaa zaidi kidogo. Aliligeuza lile jiwe bapa. Akazigusa mbegu. Nikamwona ametulia, ameinamisha kichwa kama anavyofanya mwanafunzi aliyejua jibu na hataki kunyoosha mkono. Akapanda juu, akajipangusa magoti, akanisogelea.

"Mwalimu, naomba tuongee pembeni."

Mngekuwa ninyi mngekwenda pembeni. Mimi nikasema, "Sema hapa hapa, mwanangu, wasikie wote."

"Mwalimu, pembeni ni dakika moja tu."

"Hapa hapa, Zuhura. Hatuna siri."

Akaangalia chini. Akasema taratibu, kwa heshima zote, kwamba hiki ni choo. Cha zamani, kizuri, kilichojengwa na fundi. Lile jiwe ni la kukalia, limevunjika na kudumbukia. Bomba ni la kutolea harufu. Majivu na chokaa ni za kumwagia kila wiki, na udongo ule, Mwalimu, ni udongo wa choo, umeshaoza na kukauka hauna tena harufu, na mbegu ndiyo ushahidi wenyewe.

Kuku mmoja alipita. Baba mkubwa akarudisha kofia yake kichwani. Sharifu, kwa haraka ya mtu anayetaka kupata chochote kilichobaki, akauliza basi ni choo cha watu wa pwani, sivyo? Zuhura akasema hajui. Akasema huenda ni cha watu wa reli, huenda ni cha zamani zaidi ya reli, na aliyepanga yale mawe anaweza kuwa mtu wa pwani na anaweza kuwa Mnyamwezi vilevile, hakuacha jina, na yeye hawezi kumtungia. Anachokijua, akasema, ni kwamba alikuwa na choo kizuri.

"Basi walikuwa wameendelea," akasema baba mkubwa kwa kicheko, wala hakuwa na nia mbaya, "maana sisi tumekuja leo na hatujaona hata cha nyasi."

Nikageuka nikamwona mama mdogo. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia. Leti nyuma yake ameshika mdomo kwa kiganja. Jamani, hapo ndipo aibu iliponiingia kweli, si ya choo wala ya mfalme, ni ile ya kazi moja tu. Nikatamani ule mviringo wa mawe ungekuwa na kina zaidi.

Mama mdogo akaja mpaka karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ule udongo uliouchota jana umeuweka wapi?"

Nikaangalia kwenye mkeka wa chakula, pale kando ya jiko. Hotpoti sita za bluu zenye maua, zimepangwa mstari mbele ya wageni, na wanawake walikuwa wamesharudi kukaa, na shangazi ameshika kijiko. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu na tumbo hili, niliruka ile kamba yangu mwenyewe, ikanishika mguu, nikaanguka kifudifudi nikafika mkekani kwa kiwiko, na nilipoinua kichwa shangazi alikuwa ameshafungua mfuniko, ameshainama, ameshachota, na kijiko kiko hewani karibu na pua.

"Hii," akauliza, "ni mboga gani ya huku?"

Nilimwondolea kijiko mkononi kwa adabu kadiri mtu aliyelala kifudifudi anavyoweza, nikafunga ile hotpoti, nikaikumbatia. Aliniangalia mimi, akaangalia shimo, akaangalia hotpoti, nikaona mahesabu yanakwenda usoni mwake moja baada ya jingine. Akaweka kijiko chini. Akasimama, akajinyoosha khanga, akasema lile neno ambalo nyumba nzima ilikuwa inaliogopa tangu Jumatano.

"Naomba kuonyeshwa choo."

Nikafumba macho. Niliona kila kitu, harusi imekufa, Leti analia, mama mdogo hasemi na mimi mpaka kaburini. Halafu nikasikia sauti ya Chedego. Alisimama kutoka kwenye gogo alilokuwa amelikalia pembeni muda wote, akasema karibu mama, njia ni hii, na akatangulia mbele, akazunguka jiko upande wa pili kabisa, kule kwenye mpaka wa jirani ambako kamba yangu haikufika. Tukasikia mlango wa bati unafunguliwa. Mlango mpya, unalia ule mlio wa bawaba ambazo hazijazoea.

Alikuwa amekichimba Alhamisi na Ijumaa. Nilipokuwa kijiweni nabishana, mzee alichimba kina cha watu wawili, akaweka magogo ya mninga, akasakafia, akasimamisha mabati, na mama mdogo alimchotea maji ya zege yeye mwenyewe. Wote wawili walijua. Hawakuniambia kwa sababu, alivyosema mama mdogo baadaye, ningekuja kutafuta mfalme na huko pia.

Shangazi alikaa huko kitambo. Wakati anarudi sote tulimtazama mikono na uso kama tunasubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Akakaa, akajifuta kwa leso, akasema, "Choo kizuri. Kuna hata ndoo ya majivu." Kisha akavuta hotpoti nyingine, akanusa kwanza, akajipakulia pilau, na baba mkubwa akaanza kucheka, na Leti akaanza kucheka huku analia, na mazungumzo ya wazee yakaenda yakaisha salama.

Yangu hayakuisha. Walipokwishakula Chedego akasimama mbele ya wakwe akadai faini ya utani, kwamba alimwambia mtu kweli mara tatu, na mara ya tatu kavua kofia, na mtu huyo akamcheka. Faini ya utani haikataliwi. Nikamwambia taja, mtani. Akasema udongo wote wa lile shimo ufikishwe kwenye bustani yake ya mchicha ng'ambo ya reli, na uende kichwani, si kwa toroli, kama walivyofanya babu zangu. Na maji nikiyataka njiani, akasema, nimwombe.

Mama mdogo akaleta khanga yake, akaikunja ngata, akaniwekea kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akaisawazisha. Nilikuwa nasubiri anigombeze. Alisema tu, "Tembea wima, usimwage."

Makarai kumi na moja. Sharifu aliyahesabu kwa sauti kutoka kwenye kivuli. Wakwe walisogeza viti vyao waone vizuri. Watoto walinifuata wakiimba kitu walichokitunga pale pale, sitakirudia. Karai la kwanza nilisema ni jepesi, la nne shingo ilianza kuuliza maswali, la saba nilisimama kwenye tuta la reli na mzigo kichwani na jasho machoni, Chedego amekaa pale na kibuyu chake, na nikamwomba maji. Nilipiga goti moja, kwa sababu la pili lilikuwa halipindi. Akaninywesha pole pole bila neno la utani hata moja. Pale tulipokuwa, mimi na yeye, reli inapita karibu na njia ya zamani ya misafara, na nikamwaza yule babu asiye na jina kwa mara ya kwanza si kama mtu wa kumwonea aibu. Mpaka pwani, jamani. Mimi ng'ambo ya reli tu nimeomba maji.

Harusi ilifungwa, mchicha wa Chedego sasa unauzwa mpaka Tabora mjini, na mimi siuli, asanteni. Nimeapa vitu viwili. Mtani akinivulia kofia nitamwamini, hata akiniambia nimekufa. Na mtu akinipa kazi moja, nitaifanya hiyo moja.

Lile shimo bado liko wazi, mama mdogo amelizungushia miiba kuku wasitumbukie. Kila nikienda Kigwa nachungulia, naingiza wembe wangu katikati ya yale mawe, na mpaka leo haupiti. Nani aliyapanga? Zuhura nimemuuliza tena kwa simu, amesema hajui, Mwalimu. Sharifu anasema pwani. Mimi sisemi kitu. Nachungulia tu, halafu nazunguka jiko kwenda kule kwenye mlango wa bati.